Kiingereza cha Mama Mkwe

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Kalamu naishika kama mtu anayeshika mpini wa jembe, ndivyo alivyoniambia mwalimu wangu wa kwanza, na mpaka leo sijajua kuishika vingine. Tahajia nayo inanishinda, maana Kiswahili sikufundishwa darasani. Nimekiokota barabarani kati ya Tororo na Busia, kwa wauza samaki na wachukuzi wa pamba. Naandika polepole. Mkikuta neno limepinda, lisomeni hivyo hivyo, mtanielewa.

Nataka kueleza habari za walimu watatu walionifundisha Kiingereza, na za siku moja niliyokisema vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Siku hiyo ndiyo iliyonitoa shule.

Kwetu ni Sop Sop. Baba alipokufa, jirani yetu aling'oa mkonge uliokuwa mpaka wa shamba akaupanda upya ndani kwetu, karibu na mlango wa jikoni. Mama alikwenda kushtaki mpaka kwa Bwana D.C., mkuu wa wilaya. Alisimama akaeleza kwa lugha yetu tangu babu alipofyeka msitu ule, nani alizikwa wapi, nani alishuhudia. Mkalimani akageuka kwa mzungu akasema maneno mafupi, kama mtu anayetema mbegu. Mzungu akatikisa kichwa, kesi ikaisha. Mama alirudi nyumbani akakaa chini bila kuvua kitambaa kichwani.

"Nimesema mpaka mate yamekauka," aliniambia. "Yeye akasema maneno mawili. Mawili! Yale mengine aliyapeleka wapi?"

Ndipo aliponipeleka kwa mjomba, karibu na mji wa Tororo, kulikokuwa na shule ya misheni. Hakutaka niwe padri wala karani. Alitaka nijue Kiingereza cha kutosha kusimama mbele ya Bwana D.C. na kusema maneno yake yote bila kupunguza.

Lakini mimi ni mtu wa haya. Simaanishi haya ya mtoto mbele ya wageni, ile inayokwisha akizoea. Mtu akiniangalia machoni, maneno yananikauka kooni, hata ya lugha yangu. Shuleni waliniita Bubu. Tulikuwa mchanganyiko pale: Wateso, Wasamia, sisi Jopadhola, na watoto wachache wa watu wa reli, kwa hiyo uwanjani tulisema Kiswahili. Kijana mmoja mrefu kutoka Kwapa, ambaye baba yake alikuwa na ng'ombe wengi, kila asubuhi alinisimamia mlangoni.

"Bubu wa Sop Sop, habari?"

Mimi kimya.

"Ameitikia! Nyinyi nasikia? Iko sema na masikio!"

Watoto wakacheka. Hakuwa mbaya, nasema ukweli. Alipenda tu kuchekesha, na mimi nilikuwa kitu kilicho karibu.

Mwalimu wetu wa kwanza wa Kiingereza alikuwa askari aliyerudi kutoka Burma. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepungukiwa vidole, na Kiingereza chake alijifunza kwa sajini wa kizungu, kwa hiyo kilikuwa Kiingereza cha amri tupu. Alisema Kiingereza hakiingii kwa mtu aliyekaa. Alitutoa nje, akatupanga mistari, akaanza kutupigia kelele: inua, beba, weka chini, geuka, simama, leta lingine. Tulishika mawe na kuyabeba, na kwa njia hiyo tukajua maneno ya kazi yote. Tulipomaliza muhula tuliona kwamba mawe yale yamekuwa ukuta. Choo cha walimu cha shule yetu kilijengwa kwa Kiingereza.

Nilimpenda mwalimu yule, kwa sababu kwake hakuna aliyetakiwa kujibu. Amri haina jibu. Ukibeba jiwe umejibu. Lakini nilipokwenda nyumbani wakati wa likizo mama akaniuliza, "Haya, mwambie D.C. kwamba mkonge umeng'olewa," nikakuta sina hata neno moja la kumwambia D.C. Nilijua tu kumwamuru ainue jiwe.

Kiwanda cha saruji kilipoanza kujengwa, askari wetu akaenda kulinda geti. Akaja wa pili. Huyu alikuwa mpishi. Alikuwa amempikia mzungu mmoja wa reli miaka mingi, na bwana wake alipokwenda likizo Ulaya akamwandikia mwalimu mkuu barua ya kumsifu. Alikuja darasani amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Kwanza alituma watoto wakate majani ya migomba. Akatandika mabenchi kama meza: jani hili sahani, kijiti hiki kisu, gamba la konokono kikombe. Nusu ya darasa wakawa mabwana, nusu wakawa maboi.

"Polepole!" alikuwa akisema. "Kiingereza si mbio. Unainama kidogo. Unauliza kama chai inatosha. Ukijibiwa, unashukuru. Usiposikia, unasema samahani. Kila mara samahani. Samahani haijapata kumfukuzisha mtu kazi."

Kwake tulijifunza maneno laini. Tulijua kusema tafadhali kwa namna nyingi, tulijua kuomba ruhusa ya kutoka, tulijua kuuliza kama bwana amelala vizuri. Kijana wa Kwapa alipenda kuwa bwana. Aliegemea nyuma, akanyoosha miguu, akasema kwa Kiingereza kwamba mchuzi huu ni mbaya, auondoe. Mimi nilikuwa boi siku zote. Nilibeba jani langu, nikainama. Mpishi aliniangalia akasema, "Huyu ndiye boi mzuri. Hasemi." Alidhani ananisifu.

Nilipofikiri baadaye niliona jambo hili, nalo linaniuma mpaka sasa. Mmoja alitufundisha Kiingereza cha anayeamuru. Mwingine akatufundisha Kiingereza cha anayeamriwa. Wote wawili walitafuta njia za kutusaidia, na zilikuwa njia zao wenyewe, hakuna aliyewafundisha. Lakini kati ya jiwe na sahani, mtu wa kusema mpaka wa shamba lake ulipokuwa hakuwemo.

Bwana wa mpishi akarudi, mpishi akafuata jiko lake. Tukakaa muda bila mwalimu wa Kiingereza. Wakati huo tulikuwa tumefika darasa la mwisho, na mtihani ulikuwa mbele yetu. Mtihani wenyewe ulikuwa na sehemu mbili, ya kuandika na ya kusema. Ya kusema inspekta wa shule mwenyewe alikuwa akija kuisikiliza, mzungu, na shule ndogo kama yetu iliweza kutumaini nafasi moja tu katika shule kubwa ya juu. Kwa kuandika nilikuwa wa kwanza. Walimu wote walijua. Na wote walijua kwamba kwa kusema sitafungua mdomo.

Ndipo akaja wa tatu.

Alikuwa mtu wa Majanji, mtoto wa wavuvi, bado kijana, mwenye bega moja lililoinama kuliko lenzake. Tulipoambiwa kazi aliyofanya kabla, moyo wangu ulipoa. Alikuwa mkalimani wa korti huko Busia. Nilipomwambia mama, alitema mate chini.

"Mmoja wa wale wenye maneno mawili," alisema.

Lakini siku ya kwanza mwalimu yule alituambia mwenyewe kwa nini aliacha korti. Hakusimama mbele, alikaa kwenye benchi pamoja nasi.

"Kule mtu wetu akisimama mbele ya hakimu, anaangalia chini kwa heshima," alisema. "Hakimu anamwona mwongo. Mimi niko katikati, najua ni heshima. Lakini kazi yangu ni kufasiri maneno, si macho. Nimefasiri watu mpaka jela kwa sababu ya macho. Nikachoka."

Kisha akamwita mmoja mmoja aseme jina lake na kwao kwa Kiingereza. Ilipofika zamu yangu nilisimama, nikatazama vidole vyangu vya miguu. Kijana wa Kwapa akasema, "Mwalimu, huyo pita tu. Huyo ni bubu."

Mwalimu hakumgombeza. Aliniuliza kwa Kiswahili, "We ndugu yangu, kwenu una dada aliyeolewa?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Shemeji yako, yule mume wa dada, anasemaje na mama yako?"

Darasa zima likacheka, kwa maana kila mtu alijua. Kwetu, na kwa Wateso, na kwa Wasamia, mwanamume hamwangalii mama mkwe wake usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Akiwa na jambo la kumwambia, wanasema ukuta ukiwa katikati, au anampa mgongo, na kumpa mgongo huko ndiyo heshima yenyewe. Na maneno wanayosema wakiwa hivyo si machache. Mahari inasemwa hivyo, ugonjwa unasemwa hivyo, hata lawama.

"Basi," mwalimu akasema. "Kiingereza ni mama mkwe. Mheshimu, usimwangalie, lakini mwambie unachotaka."

Kesho yake alikuja na blanketi lake la kulalia, la kijivu. Alipigilia misumari miwili, akafunga kamba ya katani, akalitundika blanketi katika kona ya darasa. Anayesema anakaa nyuma ya blanketi. Darasa liko upande huu, nalo ni mama mkwe, linauliza. Kijana wa Kwapa akajitolea mara moja kuwa mama mkwe. Alijifunga sweta kichwani, akafanya sauti ya kizee, akauliza kwa Kiingereza chake cha kuvunjika:

"Mkwe wangu, umeniletea nini?"

Nilikuwa nyuma ya blanketi. Lilinuka moshi na samaki. Hakuna jicho lililonifikia. Nikasikia sauti inasema kwa Kiingereza kwamba nimeleta kuku mmoja, lakini amechoka kwa sababu ya safari. Ilikuwa sauti yangu.

Upande wa pili kulikuwa kimya, halafu wakapiga kelele. "Bubu! Ni Bubu anasema!" Kijana wa Kwapa akasahau kuwa yeye ni kizee, akachungulia. Mwalimu akamvuta nyuma kwa sweta.

"Mama mkwe hachungulii!"

Tangu siku hiyo nilisema. Nilisema kuliko wote. Yale maneno ya askari na ya mpishi, yaliyokuwa yamelala ndani yangu bila kazi, yakaamka yakashikana. Mwalimu aliniuliza habari za nyumbani nikamweleza habari zote za mpaka wa shamba, tangu babu alipofyeka. Alinirudisha pale nilipofupisha. "Umeruka kitu," alikuwa akisema kutoka upande wa pili. "Nani alishuhudia? Mtaje shahidi. Ukiruka wewe mwenyewe, utamlaumu mkalimani kwa nini?"

Hakutaka nibaki nyuma ya blanketi. Alinieleza mpango wake kama mtu anayeeleza kupanda mbegu. Kwanza blanketi. Kisha blanketi litoke, nisimame nimewapa mgongo. Kisha nisimame upande, nitazame dirisha. Mwisho nigeuke. "Inspekta anataka macho," alisema. "Macho tutampa. Lakini si leo."

Tulitoka kwenye blanketi, tukafika kwenye mgongo. Nilisimama nikitazama ukuta, ilipotundikwa picha ya Mfalme, ambayo haikuondolewa hata alipokwisha kufa, nikasema na darasa zima nyuma yangu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko blanketi, lakini niliiweza. Tulikuwa tumebakiza upande na kugeuka.

Hapa lazima niseme habari za mwalimu mkuu. Alikuwa mtu wa pale pale, Mkristo mwenye tai, aliyeoa upande wa Kwapa. Blanketi hakulipenda, lakini alipita dirishani akasikia nasema Kiingereza, akanyamaza, kwa maana alitaka ile nafasi moja ipatikane kwake. Juma moja kabla ya mambo yaliyotokea, nilitumwa kupeleka kuni nyumbani kwake. Nilipozunguka nyumba nilimkuta amesimama nyuma ya ghala la mtama, amelipa mgongo, kofia mkononi, kichwa kimeinama. Alikuwa anasema na ghala.

"Mama, ng'ombe nimempata. Ila mguu mmoja anachechemea kidogo."

Na upande wa pili sauti ya mwanamke mzee ikajibu, "Mwanangu, ng'ombe anayechechemea si ng'ombe. Ni nusu. Nusu nyingine utaileta lini?"

"Nitajitahidi, mama."

"Jitahidi kabla sijafa."

Niliweka kuni chini bila kelele, nikaondoka. Nilifurahi, sikumcheka hata kidogo. Nilisema moyoni, hata mwalimu mkuu. Hata yeye ana maneno yasiyotoka mpaka ageuke.

Kisha habari ikaja kutoka Majanji kwamba baba yake mwalimu wetu amekufa. Mtumbwi haukuhusika, alikufa kitandani kwa homa. Mwalimu aliaga akaenda kuzika. Aliniambia, "Nikirudi tunaanza upande. Inspekta bado." Na kweli siku ya inspekta ilikuwa bado. Lakini mvua zilianza, watu wakasema barabara ya kwetu itakatika, na inspekta akaja mapema, gari lake likiwa limejaa tope, wakati mwalimu wetu hajarudi.

Walimpangia meza na kiti darasani. Mwalimu mkuu alisimama karibu yake. Sisi wa darasa la mwisho tulipangwa kando ya ukuta, mmoja mmoja akiitwa katikati. Kijana wa Kwapa aliitwa kabla yangu. Alisimama kifua mbele kama alivyofundishwa na askari, akamtazama mzungu usoni, akasema maneno machache aliyojua, mengine ya meza ya mpishi. Alimuuliza inspekta kama amelala vizuri. Inspekta akacheka, akaandika.

Nikaitwa mimi.

Inspekta hakuwa mtu mkali. Alikuwa na uso mwekundu na macho ya maji, macho mepesi, ambayo sijapata kuyaona kwa mtu tena. Aliyaweka juu yangu. Akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, nimweleze habari za nyumbani kwetu.

Maneno yakakauka. Nilisikia watu wa nyuma wakipumua. Nilimwona mama amekaa chini na kitambaa chake kichwani. Nikajua nikikaa hivyo kidogo tu, yamekwisha. Basi nikafanya lile nililojua. Nikageuka, nikampa mgongo, nikatazama picha ya Mfalme, nikaanza.

Nilisema yote. Nilisema babu yangu alivyofyeka, na mkonge ulivyopandwa, na nani alishuhudia, na jina la kila aliyezikwa pale. Nilisema jinsi mkonge ulivyotembea usiku mmoja mpaka kwenye mlango wa jikoni yetu. Nilisema mama yangu alisema maneno mengi kwa D.C. na yakafika mawili, na kwamba mimi ninasoma ili siku moja yafike yote. Sikuruka kitu. Sijasema tena hivyo, wala sidhani nitasema. Nilipomaliza kulikuwa kimya, nami nilidhani ni kimya kile cha siku ya kwanza ya blanketi, kile kinachokuja kabla ya kelele za furaha.

Nikageuka. Uso wa inspekta ulikuwa mwekundu zaidi. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza mwalimu mkuu, na Kiingereza nilikisikia vizuri, kwa kuwa sasa nilikuwa nakisikia:

"Kwa nini kijana huyu amenigeuzia mgongo?"

Kando ya ukuta kijana wa Kwapa, yule mchekeshaji wangu, akasema kwa Kiswahili kwa sauti ya chini, lakini wote tulimsikia, "Mwalimu, si ni ile ya mama mkwe? Mwambie tu. Ni heshima."

"Nyamaza wewe," mwalimu mkuu akasema.

Akamgeukia inspekta. Nilimwona akiweka tai yake sawa.

"Sijui, bwana," alisema. "Labda ni utovu wa adabu."

Inspekta aliningoja kidogo. Ni kweli, aliningoja, sitamnyima haki yake. Aliniuliza kama nina la kusema. Lakini aliniuliza huku ananiangalia, na mwalimu mkuu ananiangalia, na wenzangu wote. Nilifungua mdomo, ukafungika. Akaandika, akaita mwingine.

Nafasi ilikwenda kwa kijana wa Kwapa. Simwonei wivu. Yeye peke yake alijaribu.

Nilikwenda Sop Sop kwa miguu kumwambia mama. Alikuwa anapalilia upande ule uliobaki kwetu.

"Ulisema?" aliniuliza.

"Nilisema."

"Na mkonge?"

"Na mkonge. Yote."

"Mzungu akasikia?"

"Aliona mgongo, mama."

Alinitazama, akakumbuka kwamba sipendi kutazamwa, akaangalia jembe lake. Akarudi kulima.

Mwalimu wetu alirudi kutoka kuzika akiwa amenyoa kichwa. Blanketi lake alilikuta limefunika baiskeli ya mwalimu mkuu, kuizuia mvua. Waliongea ofisini, mlango umefungwa, lakini dirisha halikuwa na kioo. Mwalimu mkuu alimwambia kwamba shule ya Kikristo haifundishi Kiingereza kwa mila za kishenzi, na kwamba ameiaibisha shule mbele ya serikali. Mwalimu wetu akauliza jambo moja tu: "Na wewe, mzee, ulimwambia nini huyo inspekta?" Kabla ya Jumapili alikuwa amefukuzwa.

Alikuja kwa mjomba kuniaga. Ilikuwa mchana, kuku wanaparua uani. Mjomba alimpa kigoda. Alikiinua, akakigeuza, akakaa ameupa mgongo mlango nilipokuwa nimesimama. Blanketi lilikuwa limekunjwa magotini.

"Sema," aliniambia. "Kama ulivyosema."

Nikasema. Kiingereza chote, tangu babu. Mjomba, asiyejua hata neno moja, aliacha kuchonga mpini akasikiliza. Nilipomaliza, mwalimu alilainisha mikunjo ya blanketi magotini.

"Korti nzima ya Busia sijasikia shahidi kama huyo," alisema. Kisha akasema, "Ningekuwapo, ningemfasiria huyo mzungu mgongo wako. Ilikuwa kazi ndogo tu. Hata yule mwalimu mkuu wako angeiweza."

Alisimama bila kugeuka, ili asinikaushe, akatoka njia ya Busia. Watu wanasema alivuka akaingia upande wa Kenya. Wengine wanasema yuko Majanji, anauza samaki wakavu. Sijui.

Sasa nashona midomo ya magunia ya pamba hapa Busia. Nina sindano kubwa na uzi wa katani, na kazi hii haitaki mtu aseme. Mama alishtaki tena, mkalimani akiwa mwingine, na maneno yakawa mawili tena. Mkonge umeota vizuri mlangoni kwetu. Umekwisha kuwa mrefu kuliko mama.

Mwalimu mkuu alipandishwa cheo. Alipita hapa ghalani siku moja pamoja na mzungu wa pamba, akanitambua, akanisalimu kwa Kiingereza. Niliendelea kushona. Akamwambia mzungu, akicheka kwa upole, kwamba vijana wa kwetu ni wazuri kwa kazi lakini hawajajifunza kumwangalia mtu machoni. Nilielewa kila neno. Mama mkwe wake alikufa mwaka jana. Nasikia ile nusu ya ng'ombe haikufika.

Ninyi mnaosoma haya, nina ombi. Kama mmemwona mwalimu mwenye bega moja lililoinama, mwambieni nipo, na maneno bado ninayo yote, sijaruka hata moja. Na kama ninyi mlifundishwa Kiingereza, niandikieni mlifundishwa na nani, na yule asiyeweza kutazamwa katika darasa lenu alifanywaje. Mpeni barua mchukuzi yeyote wa pamba anayekuja Busia, mwambieni ni ya yule kijana wa magunia asiyesema. Wananijua. Nitajibu, ila mnivumilie, naandika polepole. Andikeni kwa lugha yoyote kati ya hizi zetu. Hata Kiingereza pia.